Programu nzito: mzigo apewe nani?

Wapo watu wengi, na wasomi wakiwamo, wanaoamini kuwa programu ya kompyuta ni kitu kisicho na uzito. Haishikiki, haitoi moshi, haipigi kelele, wala haiachi majivu. Gari likipita, moshi wake huonekana. Kiwanda cha saruji kikifanya kazi, vumbi lake huonekana. Mti ukikatwa, kisiki hubaki pale kushuhudia. Lakini programu, ambayo si kitu ila ni orodha ndefu ya amri zinazoiambia mashine ifanye nini, huhesabiwa kuwa ni jambo la akili tupu, mfano wa hesabu iliyoandikwa ubaoni kisha ikafutwa.

Imani hiyo si ya kweli. Kila amri iliyomo ndani ya programu hutekelezwa na mashine, na mashine haifanyi kazi ya bure. Hula umeme, na umeme huo hatimaye hugeuka kuwa joto. Amri moja hula kiasi kidogo mno, kisichoweza kuhisiwa na mtu. Lakini amri zinapofikia mabilioni kwa sekunde moja, katika mashine zilizotapakaa dunia nzima, usiku na mchana, kidogo hicho hakibaki kidogo tena. Haba na haba, walisema wahenga, hujaza kibaba. Na kibaba hiki kimekwisha kujaa.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba programu huamua mambo mawili makubwa. Kwanza, huamua mashine itakula umeme kiasi gani ili kufanya kazi fulani. Pili, na hili ndilo linalosahauliwa mara nyingi, huamua mashine hiyo itatupwa lini. Mambo yote mawili huamuliwa na mwandishi wa programu pamoja na kampuni iliyomwajiri. Lakini gharama za mambo yote mawili hulipwa na watu wengine kabisa. Hapo ndipo lilipo tatizo, na ndilo linalostahili kufikiriwa na kila mtumishi wa umma na kila mwalimu anayeketi mbele ya kompyuta asubuhi.

Uniti zinakokwenda

Katika taarifa yake ya Aprili 2025, Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kuwa vituo vya data vya dunia nzima vilitumia uniti bilioni 415 za umeme mwaka 2024. Uniti hizo ni zilezile anazonunua mwananchi wa Tanzania kwa LUKU. Kiasi hicho ni kama asilimia 1.5 ya umeme wote uliotumika duniani mwaka huo. Shirika hilo lilikadiria vilevile kuwa ifikapo mwaka 2030 matumizi hayo yatakaribia uniti bilioni 945, na kwamba kichocheo kikubwa cha ongezeko hilo ni akili mnemba.

Kituo cha data, kwa asiyekijua, ni jengo kubwa lililojaa kompyuta zisizozimwa. Humo ndimo zinamohifadhiwa barua, picha na kumbukumbu za mamilioni ya watu. Humo ndimo yanamotafutwa majibu ya maswali yanayoulizwa kwa simu. Na humo ndimo akili mnemba inamofundishwa na kutumikishwa. Kompyuta hizo hutoa joto jingi, na joto hilo halina budi kuondolewa kwa mitambo ya kupoza, ambayo nayo hula umeme, na mara nyingi hutumia maji pia.

Asilimia 1.5 huenda ikaonekana ndogo. Lakini mzigo huu haukugawanywa sawasawa. Nchini Ireland, ambako makampuni makubwa ya kompyuta yamejenga vituo vingi, vituo hivyo vilitumia asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa kwa mita mwaka 2023. Nyumba zote za mijini katika nchi hiyo zilitumia asilimia 18. Maana yake ni kwamba mashine zilizofungiwa ndani ya majengo zilikula umeme mwingi kuliko watu wa mijini wanaopika, wanaofua na wanaowasha taa.

Afrika Mashariki nayo imekwisha kuguswa. Mwezi Mei 2024 ilitangazwa kuwa kituo cha data kinachokusudiwa kujengwa Olkaria, nchini Kenya, kitatumia umeme wa mvuke wa ardhini, kwa kuanzia na megawati 100. Ili kuelewa ukubwa wa kiasi hicho, ikumbukwe kuwa kila mmoja wa mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere una uwezo wa megawati 235. Kituo kimoja tu, tena kwa kuanzia, kingehitaji karibu nusu ya mtambo mmoja. Ni kweli kwamba umeme wa mvuke ni safi. Lakini umeme safi nao una mwisho. Uniti iliyotumika kwa kazi ya upuuzi haiwezi kutumika tena kusaga mahindi, kuwasha taa ya zahanati au kuendesha cherehani.

Ushahidi wa mwaka 2022

Wapo watakaouliza: je, si mashine ndizo zinazokula umeme? Programu inalaumiwa kwa kosa gani? Swali hilo lilipata jibu lake tarehe 15 Septemba 2022.

Siku hiyo mtandao wa Ethereum, ambao huhifadhi hesabu za sarafu za kidijitali, ulibadili programu yake. Tangu ulipoanza mwaka 2015, mtandao huo ulikuwa ukitumia utaratibu wa mashindano: kompyuta nyingi duniani zilishindana kubahatisha namba, na ile iliyotangulia kuipata ndiyo iliyopewa haki ya kuandika ukurasa mpya wa daftari na kulipwa ujira. Kompyuta nyingine zote zilizoshindwa zilikuwa zimeunguza umeme bure. Utaratibu mpya uliondoa mashindano hayo. Mwandishi wa daftari sasa huteuliwa kwa bahati nasibu miongoni mwa watu walioweka amana, na anayefanya hila hupoteza amana yake.

Matokeo yalikuwa nini? Matumizi ya umeme ya mtandao ule yalishuka kwa zaidi ya asilimia 99. Haikuvumbuliwa mashine mpya. Halikujengwa bwawa. Haukufungwa mtambo wa jua. Kilichobadilika ni maandishi, yaani amri zilizoandikwa na watu, na kazi iliyokuwa ikifanywa iliendelea kufanywa. Kwa upande mwingine, Bitcoin, sarafu iliyoanza mwaka 2009, imeshikilia utaratibu ule wa kale wa mashindano, na wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge hukadiria kuwa inakula zaidi ya uniti bilioni 100 kwa mwaka. Hiyo ni mara kadhaa ya umeme wote unaozalishwa Tanzania kwa mwaka mzima.

Mfano huu unabomoa kisingizio chote. Umeme unaoliwa na kompyuta hautokani na maumbile, kama mvua au kiangazi. Unatokana na uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu unaweza kubadilishwa na watu.

Kwa nini programu hunenepa

Mwaka 1969 binadamu walipotua mwezini, kompyuta iliyoongoza chombo chao ilikuwa na nafasi ya kufanyia kazi ya kilobaiti 4 hivi. Picha moja inayopigwa leo kwa simu huzidi kiasi hicho mara mia kadhaa. Waandishi wa programu ile hawakuwa na nafasi ya kupoteza, kwa hiyo hawakupoteza.

Kadiri mashine zilivyozidi kuwa na nguvu, ndivyo nidhamu hiyo ilivyolegea. Mwaka 1995 Niklaus Wirth, profesa wa Uswisi aliyetunga lugha ya Pascal, ambayo kizazi kizima cha wanafunzi wa kompyuta kilijifunzia, aliandika makala ya kuonya. Alieleza kuwa programu zinazidi kuwa nzito kwa kasi kuliko mashine zinavyozidi kuwa na nguvu, na kwamba faida inayopatikana kwa kazi ngumu ya viwandani humezwa na uzembe wa waandishi wa programu. Profesa huyo alifariki dunia siku ya kwanza ya mwaka 2024, na onyo lake halijapitwa na wakati.

Ushahidi upo mkononi mwa kila mwenye simu. Mwaka 2011 ukurasa wa kawaida wa intaneti ulikuwa na uzito wa takriban nusu ya megabaiti. Kufikia mwaka 2024 ulizidi megabaiti 2. Je, habari zilizomo ziliongezeka mara nne? La hasha. Taarifa ya habari bado ni ileile ya maneno mia tano. Kilichoongezeka ni matangazo, video zinazojiwasha bila kuombwa, na programu ndogondogo za kumchungulia msomaji ili ijulikane anapenda nini na anaweza kuuziwa nini. Vitu hivyo vyote hupakuliwa kwa bando alilonunua msomaji mwenyewe, na huendeshwa kwa betri ya simu yake mwenyewe. Mwalimu aliyenunua bando ili asome matokeo ya mitihani hulipia pia gharama za kuchunguliwa.

Isidhaniwe kuwa waandishi wa programu ni watu wajinga au wavivu. La. Wengi wao ni hodari, na pale makampuni yao yanapolipa bili ya umeme yenyewe, wameonyesha uhodari mkubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science ulionyesha kuwa kati ya mwaka 2010 na 2018 kazi iliyofanywa na vituo vya data iliongezeka kwa asilimia 550, lakini umeme uliotumika uliongezeka kwa asilimia 6 tu. Kwa nini? Kwa sababu bili ilikuwa ya kampuni. Lakini programu inapokwenda kufanya kazi katika kompyuta ya mteja, bili si ya kampuni tena. Ni ya shule, ni ya ofisi ya wilaya, ni ya mama aliyechaji simu kwa mwenye duka. Pale ambapo mwenye programu halipi, hana haraka ya kupunguza.

Hata huko kwenye vituo vya data, ubanaji matumizi peke yake haujatosha. Mwaka 1865 mchumi wa Uingereza aitwaye Stanley Jevons aligundua kuwa injini za mvuke zilipoboreshwa zikala makaa machache, makaa yaliyochimbwa hayakupungua bali yaliongezeka, kwa sababu injini ziliwekwa kila mahali. Ndivyo inavyotokea leo. Umeme wa kila jibu moja unapungua, lakini majibu yanaongezwa hata pasipoulizwa swali. Programu ya kuandikia barua huletwa na akili mnemba ndani yake, mtumiaji apende asipende.

Mashine nzima hutupwa

Hayo ni ya umeme. La pili ni zito zaidi, nalo ni umri wa mashine.

Sehemu kubwa ya madhara ya kompyuta ndogo au simu kwa mazingira haitokani na umeme inaokula mezani. Hutokana na kuchimbwa kwa madini yake, kuyeyushwa kwake, na kazi ya viwandani, kabla mashine haijawashwa hata mara moja. Kwa hiyo njia iliyo bora ya kupunguza madhara hayo ni nyepesi kueleza: mashine itumike miaka mingi. Mashine itumikayo miaka minane badala ya minne hugawanya mzigo ule wa kiwandani katika muda mara mbili.

Lakini nani anayeamua kuwa mashine imezeeka? Si fundi. Mara nyingi ni programu.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka mwaka 2015. Mfumo uliofuata, Windows 11, haukubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018, kwa kuwa unadai kichakataji cha aina fulani na kifaa fulani cha usalama. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria Desemba 2023 kuwa kompyuta zipatazo milioni 240 huenda zikageuka taka kwa sababu ya hatua hiyo. Kampuni yenye mfumo ilieleza kuwa masharti hayo ni kwa ajili ya usalama, na usalama si jambo la mzaha. Lakini tazama jinsi gharama zilivyogawanywa. Huko Ulaya, baada ya watetezi wa walaji kupaza sauti, watumiaji binafsi walipewa mwaka mmoja wa nyongeza bila malipo. Kwa makampuni na ofisi, bei iliwekwa kuwa dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, ikiongezeka maradufu kila mwaka unaofuata, kwa muda usiozidi miaka 3.

Hebu ichukuliwe mfano wa shule ya sekondari yenye kompyuta 20 zilizonunuliwa mwaka 2016 kwa michango ya wazazi. Vioo vyake ni vizima. Vibao vyake vya herufi ni vizima. Jana zilifundishia, na leo zinaweza kufundishia. Hakuna nati iliyolegea wala waya uliokatika. Hata hivyo mkuu wa shule anaambiwa kuwa kompyuta zake zimekwisha. Akizilipia ulinzi kwa bei ile ya ofisi, ni dola 1,220 kwa mwaka wa kwanza. Akizitupa, arudi kwa wazazi walewale kuomba mchango mpya. Akiziacha bila ulinzi, wezi wa mtandaoni wanamsubiri. Jembe likichakaa, mkulima huona kwa macho yake kuwa limechakaa. Huyu anaambiwa jembe lake ni bovu nalo bado linalima.

Simu nazo zina historia yake. Mwaka 2017 kampuni ya Apple ilikiri kuwa programu yake ilipunguza mwendo wa simu zenye betri zilizochoka, ikieleza kuwa ilikusudia kuzuia simu hizo zisizimike ghafla. Wateja hawakuwa wameelezwa, na wengi walidhani simu zao zimezeeka. Mwaka 2020 Ufaransa iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja. Betri mpya ingetosha kurudisha mwendo. Ni wangapi walionunua simu mpya badala ya betri?

Mwisho wa safari ya mashine hizo unajulikana. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilieleza kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme vya kila aina, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana. Zilizobaki hufukiwa, hutupwa, au husafirishwa kwenda nchi maskini, ambako vijana huchoma nyaya ili wapate shaba, huku wakivuta moshi wenye sumu. Na mwanzo wa safari hiyo nao uko karibu. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, ambayo hutumika katika betri nyingi za simu na kompyuta za mkononi, huchimbwa Kongo, na sehemu kubwa yake hutoka katika migodi ya eneo la Kolwezi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. Programu inayoharakisha kutupwa kwa simu moja huharakisha pia kuchimbwa kwa shimo jingine.

Upande wa pili wa shilingi

Ni haki kuutazama upande wa pili wa shilingi. Programu huokoa pia. Malipo yanayofanywa kwa simu humwepusha mtu na safari ya basi kwenda mjini. Barua inayotumwa kwa kompyuta haihitaji karatasi wala gari la posta. Programu nzuri huweza kupanga umwagiliaji, kupunguza upotevu wa umeme njiani na kumwonya mvuvi kuhusu dhoruba. Anayetaka kompyuta zizimwe zote hajui anachokisema.

Lakini mfano bora kabisa wa uokoaji huo unatetea hoja ileile. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 haikudai simu ya bei kubwa. Ilifanya kazi katika simu ndogo za vitufe, ambazo wananchi huziita vitochi, kwa ujumbe mfupi wa maneno machache. Ilikuwa programu nyembamba, na kwa sababu ya wembamba wake ilimfikia muuza samaki na mkulima wa mpakani, ambao simu zao zilidumu siku kadhaa bila kuchajiwa. Wepesi wake haukuwa umaskini; ndio uliokuwa nguvu yake. Laiti ingeandikwa kwa mtindo wa kurasa za leo, ingeishia kwa watu wachache wa mijini.

Tanzania nayo ina kumbukumbu yake katika jambo hili. Mwaka 1974, baada ya mradi wa kuweka hesabu za Serikali katika kompyuta kushindwa, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Marufuku ile iliichelewesha nchi kujifunza, na hakuna mwenye busara anayetamani irudi. Lakini swali lililokuwa nyuma yake halikuwa la kipumbavu: mashine hii inamtumikia nani, na nani anayelipa? Kosa lilikuwa kulijibu kwa kufunga mlango. Kosa la leo ni kuacha mlango wazi bila kuliuliza kabisa.

Yapasayo kufanywa

Swali linalojitokeza ni hili: mtumishi wa umma na mwalimu wafanye nini? Mara nyingi mwananchi huambiwa azime taa, afute barua za zamani, apunguze mwanga wa kioo. Hayo si mabaya. Lakini kuyafanya hayo kuwa ndiyo dawa ni kumtwisha lawama yule aliyekwisha kutwishwa gharama. Dawa yenyewe iko penye fedha na penye mikataba.

Kwanza, Serikali ni mnunuzi mkubwa wa programu, na mnunuzi mkubwa ana sauti. Kila mfumo unaoagizwa kwa fedha za umma, uwe wa mishahara, wa usajili wa wanafunzi au wa leseni, uwekewe sharti katika mkataba: ufanye kazi katika kompyuta yenye umri wa miaka minane, katika intaneti ya polepole ya wilayani, na pale inapowezekana katika kitochi. Sharti la namna hiyo si ndoto. Ujerumani iliweka mwaka 2020 vigezo vya kuipa programu alama ya kutunza mazingira, kimojawapo kikiwa kwamba ifanye kazi katika mashine yenye umri wa angalau miaka mitano. Mwaka 2022 programu ya kusomea nyaraka iitwayo Okular, iliyoandikwa na watu wa kujitolea, ilikuwa ya kwanza kuipata alama hiyo. Umoja wa Ulaya nao, tangu Juni 2025, unadai kuwa marekebisho ya mfumo endeshi wa simu mpya yaendelee kupatikana kwa miaka isiyopungua mitano baada ya simu hizo kukoma kuuzwa. Ikiwa wenye fedha nyingi wanadai hivyo, wenye fedha chache wana sababu kubwa zaidi ya kudai.

Pili, kompyuta isiitwe taka kabla haijajaribiwa. Mfumo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, hupatikana bila malipo na hufufua mashine nyingi zilizokataliwa na mifumo mingine. Ni kweli kwamba baadhi ya programu maalumu za ofisi hazifanyi kazi humo, na kwamba shule huhitaji mtu aliyefundishwa. Lakini kuandika, kupiga hesabu, kusoma na kujifunza kuandika programu huwezekana bila taabu. Wala si jambo geni kwa Kiswahili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Watu wa nchi hii wanaweza kuzishika programu kwa mikono yao wenyewe, walikwisha kuzishika.

Tatu, na hili ni la walimu, kijana anayefundishwa kuandika programu afundishwe pia kuipima. Asisifiwe kwa sababu programu yake inafanya kazi tu. Aulizwe: imetumia amri ngapi, imesubiri nini, imepakua nini kisichohitajika? Watafiti wa Ureno walipolinganisha lugha 27 za kompyuta mwaka 2017, waligundua kuwa kwa kazi zilezile baadhi ya lugha zilitumia umeme zaidi ya mara 70 ya lugha ya C. Hii haina maana kuwa kila kitu kiandikwe kwa C, kwani lugha nyepesi kujifunza humwokolea mwanafunzi muda mwingi. Maana yake ni kwamba mwandishi anachagua, na anayechagua yampasa ajue bei ya anachochagua. Seremala hufundishwa kutopoteza mbao. Mpishi hufundishwa kutopoteza kuni. Mwandishi wa programu peke yake ndiye anayefundishwa kuwa kuni zake hazina mwisho.

Nne, kampuni inayotaka kujenga kituo cha data katika nchi yoyote ya Afrika Mashariki iulizwe hadharani, kabla ya kupewa ardhi, maji na umeme: uniti ngapi, kwa kazi gani, kwa faida ya nani? Anayejenga kinu cha kusaga huulizwa maswali hayo. Anayejenga kinu cha kusaga data hana sababu ya kusamehewa.

Zamani watu walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Wapagazi wale walioshuka kutoka bara hadi pwani walijua uzito wa walichobeba; waliupima kabla ya kuuinua, wakapatana ujira, na mzigo ulipozidi waliukataa. Leo programu nzito zimewekwa juu ya vichwa vya shule, ofisi na familia zisizojua kuwa zimebebeshwa, wala hazikuulizwa, wala hazilipwi. Haitoshi kuwasifu kwa uvumilivu. Yafaa mzigo ushushwe chini, upimwe, na mwenye mali aitwe aubebe mwenyewe.